Mke Wangu Alivyopelekwa Kuimbiwa Ruangwa

Mimi shule niliishia darasa la pili, nikaona inatosha. Mikorosho yangu sikuipanda kwa cheti. Kwa hiyo mke wangu alipopata kiharusi, mkono wa kulia ukalala na maneno yakakatika, halafu muuguzi mmoja hapa Nachingwea akaniambia nimpeleke Ruangwa, kuna binti wa Dar anatibu watu kwa muziki, nilimuuliza kama na malaria siku hizi inapigiwa zeze.

Lakini miezi saba nyumba ilikuwa kimya. Mwanamke aliyezoea kunigombeza tangu alfajiri, sasa ananitazama tu. Nilikuwa nautaka ule ugomvi wake, ingawa sikumwambia mtu. Alhamisi moja nikampakia kwenye pikapu yangu, tukaenda.

Hospitali yenyewe ya muziki ilikuwa chumba nyuma ya ukumbi wa mikutano: mkeka, viti vya plastiki, kinanda cha umeme, na umeme umekatika.

"Mzee wangu," binti akauliza, "mama anapenda nyimbo gani?"

Kumbe hilo ndilo walilomfundisha chuoni! Nikamtajia zote bila kufikiri: dansi la zamani, magitaa, bendi za enzi zangu. Redio ya nyumbani kwangu mshika kitufe ni mimi, nani angejua zaidi? Akazipiga kwa simu Alhamisi tatu. Mimi nikatikisa mguu, nikaimba, nikapona kabisa. Mke wangu akatazama ukuta.

Safari ya nne tukaja na mdogo wake wa kike, anayeishi Nanganga. Akasikiliza kidogo, akacheka.

"Shemeji, hapa anatibiwa nani? Dada nyimbo hizi hazipendi."

"Miaka arobaini tumezisikiliza pamoja!"

"Umezisikiliza wewe. Yeye alikuwa anapika."

Akamgeukia binti, akamweleza jambo nililolijua tangu tuoane: mke wangu ni nyakanga, yeye ndiye anayewafunda wasichana kwenye unyago. Kila mwaka baada ya mavuno alikuwa anaondoka na ngoma zake, anarudi sauti imemkauka. Aliimba nini huko, sijui, mwanamume haruhusiwi kusikia. Na mimi sikumtajia binti, kwa sababu sikuwahi kuuhesabu kuwa ni muziki.

Alhamisi iliyofuata nilibeba ngoma tatu na wanawake wanne wa makamo, shemeji akiwa mmoja wao, wananicheka njia nzima. Tulipofika nikapewa kazi: kuwasha nyasi uani, nizipashe ngoma mpaka ngozi zikaze. Mtu mwenye mashamba yangu, nimechuchumaa na moshi machoni! Zilipolia sawasawa, shemeji akazipokea mlangoni.

"Sasa nenda kule barabarani. Mbali." Akamgeukia binti. "Na wewe mwanangu, umechezwa unyago?"

"Hapana, mama."

"Basi mfuate mzee."

Daktari nje, mume nje. Tukakaa kwenye pikapu palepale uani, yeye na daftari lake, mimi na kiburi changu. Ngoma zikaanza. Sauti nne zikapanda. Halafu ikaja ya tano, imekwaruza, inachechemea nyuma ya wenzake. Ile sauti naijua hata ikitoka chini ya kisima.

Sikukumbuka mila wala ile "mbali" ya shemeji. Nilikimbia nikasukuma mlango. Mke wangu alikuwa mkekani, ngoma katikati ya magoti, mkono wa kushoto juu ya ngozi. Akaniona. Akauinua mkono ule, akaninyooshea kidole.

"Toka!"

Wanawake wakaangua vigelegele hadi nikaziba masikio. Nilirudi kwenye pikapu mbio.

"Amesema," nikamwambia binti.

"Kweli? Amesema nini, mzee wangu?"

"Amenifukuza."

Akafungua daftari aandike. Nikawasha gari, nikalisogeza kule barabarani, mbali, kama nilivyoagizwa.