Ekzosi Yangu Ilimchoma Mama Mkwe, Lawama Kabebeshwa Mwingine

Admin, naomba unifiche kabisa, maana mke wangu anafuata ukurasa huu na huwa ananisomea visa vya wenzangu tukiwa mezani. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na saba, nina mke na watoto watatu, naishi Karatu mjini na nafanya kazi ya bustani kwenye lodge moja. Sijawahi kuwa mtu wa vurugu. Kosa langu lilianza na kupenda mlio.

Nina pikipiki ya kwendea kazini. Vijana wa kijiweni walifunga ekzosi za kununua Arusha, wakipita unazisikia kifuani, na mimi na umri wangu huu nikatamani. Nikapata moja iliyotumika, ya pikipiki kubwa kuliko yangu. Fundi alitaka nimpelekee aifunge, nikasema nati mbili za kwenye injini na bolti moja ya nyuma zinanishindaje? Jumamosi nikakaa uani na spana zangu. Bomba lilikuwa nene, likagoma kulikubali lile bati linalokinga mguu wa abiria usiguse moto. Nikaliacha bati, nikalitupa stoo. Mke wangu alipita na ndoo akaniuliza, "Baba Neema, hicho kibati si kina kazi yake?" Nikamjibu kwamba pikipiki naipanda peke yangu, asijali. Nikawasha, majirani wakachungulia, nikajiona kijana.

Wiki iliyofuata Neema alipata kipaimara. Mama mkwe alikuja kutoka Buger, na sherehe ilipokwisha hakukuwa na gari la kumrudisha. Mke wangu akasema nimpeleke mimi. Nilijua bomba liko wazi. Nilijua pia kwamba mama ana sukari. Nilifikiria kulizungushia gunia bichi, nikaona aibu, wageni wangecheka. Nikamwambia tu mama akae kama mwanaume, mguu huku na mguu huku, maana barabara ni mbaya.

Kwenye kilima nilipanda kwa gia ya kwanza, bomba likaiva. Mama akanikamata bega kwa nguvu, mara moja tu. Nikauliza, "Mama, vipi?" Akasema, "Twende tu, baba." Nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Nisiwadanganye, niliisikia. Nikajiambia ni klachi, nikaongeza mwendo tufike. Kwetu mtu na mama mkwe wake wana heshima yao, yeye hawezi kunifunulia mguu na mimi siwezi kumwambia hebu nione. Alishuka, akashukuru, akaingia ndani polepole.

Nilipofika nyumbani nilikuta kipande cha kitenge chake kimeganda kwenye bomba, na chini ya kitenge kulikuwa na kitu ambacho si kitambaa. Nilikikwangua kwa kisu. Kesho yake nikarudisha ekzosi ya zamani. Mke wangu akauliza kama nimechoka kuwa kijana, nikasema ile inakula mafuta.

Mama aliwaambia wanawe kwamba alijimwagia maji ya moto. Kwa sababu ya sukari kidonda kikagoma kupona, na muuguzi anayemsafisha akasema wazi kwamba ule si mchomo wa maji, ni wa chuma. Hapo ndipo balaa lilipomwangukia mwingine. Mama anaishi na mwanawe wa mwisho, yaani shemeji yangu, pamoja na mke wake, ambaye tumwite Vero. Mama na Vero walikuwa wamenuniana muda mrefu kwa mambo ya jikoni, kwa hiyo watu wakajumlisha wenyewe. Mama anasema Vero hajamgusa, lakini kadiri anavyokataa ndivyo wanavyosema mama ana huruma, anamficha mtu. Na kweli anamficha mtu. Mtu huyo ni mimi. Shemeji amemrudisha mkewe kwao Mang'ola na mtoto mgongoni. Mke wangu ndiye anayeongoza kumlaani, na mimi namsikiliza huku natafuna ugali wangu.

Nilikwenda kumwona mama wakati wenzake wako shambani. Nikapiga magoti nikasema, "Mama, nisamehe. Niruhusu niwaambie."

Akaniambia, "Usiseme, baba. Binti yangu namjua, ana hasira za marehemu baba yake, atakuachia hawa watoto. Na mimi nitaonekana mwongo mbele ya wanangu."

"Na Vero je?"

"Vero atarudi. Hasira za mume wake ni za wiki moja."

Hizo hasira sasa zina mwezi wa pili. Na niwaambie jambo la aibu zaidi: siku ile nilitoka kwa mama nikiwa na nafuu moyoni. Nilirudi Karatu napiga mluzi. Nikikumbuka ule mluzi najichukia kuliko ninavyojichukia kwa ile ekzosi.

Jumapili hii kuna kikao cha familia, na Vero ameitwa aje na baba yake mzazi. Juzi shemeji alinipigia simu. Alisema, "Shemeji, sisi tuna hasira, tunaweza kumwonea. Wewe huna upande, na mama anakusikiliza. Tumekubaliana wewe ndiye umhoji." Nikamjibu sawa. Jamani, nilisema sawa.

Nikiufungua mdomo nitakuwa nimemwaibisha mama aliyenisitiri, na pengine nimeibomoa nyumba yangu. Nikiufunga, yule binti anaachika kwa kosa ambalo hata halijui. Ninyi mnaojua kuishi na wakwe, nishaurini. Msinitukane sana, nimeshajitukana ya kutosha. Niambieni tu, nikikaa mbele ya Vero siku hiyo, baba yake ananitazama, nimuulize nini?