Tumbawe Lililokataa Kutengwa

Nyumba ina watu watatu, mlango una komeo, na tumbawe bovu linatoka kwenye beseni, moja kwa moja kurudi ndani ya tangi. Mkiniita mwongo, haya. Mimi Rawiya nilikuwamo humo humo.

Mume wangu Idarus ana tangi la kioo sebuleni, limejaa maji ya bahari na matumbawe hai. Si pambo. Joto la bahari lilipoua matumbawe ya mwamba wa upande wa Kipungani, yeye na wavuvi wenzake walipata kibali wakaokoa vipande. Bahari ikipoa, virudishwe. Mbegu ndiyo hiyo, hakuna nyingine.

Basi kipande kimoja kikaanza kuchunika. Nyama inabanduka kutoka chini, kinabaki kifupa cheupe.

Idarus akakitoa upesi, akakiweka kwenye beseni chumba cha nyuma, na koleo yake mbali, na kitambaa chake mbali. Ugonjwa ule huhama kwa maji na kwa mikono.

Akaenda kazini Mokowe. Kurudi, tumbawe limo tangini, limekaa kati ya wenzake.

Akalitoa. Kesho yake likarudi tena.

Jamani! La pili likaanza kuchunika, kisha la tatu.

Nikaulizwa mimi. Nikaapa. Akaniangalia kwa jicho ambalo sijaliona tangu anioe, nikaenda kulia jikoni kwa hasira. Yeye chakula hali, usingizi hapati, anafuta kioo tu. Jirani akasema hayo ni mambo ya majini, tusome Kurani. Tukasoma.

Mamake Idarus, Bi Hayat, tunayekaa naye, hakuulizwa. Kwetu mtu hamhoji mamake.

Siku moja Idarus alirudi mapema, alasiri imeswaliwa sasa hivi. Tukaingia sebuleni pamoja. Bi Hayat amekunja mkono wa gauni, mkono umo majini hadi kiwiko, analilaza lile tumbawe taratibu huku anasoma Yasini, kama anavyosomewa mgonjwa.

Idarus akaketi chini palepale. Akauliza kwa nini.

"Hakuna aloniuliza," akasema Bi Hayat. "Mgonjwa hawatwi pweke, hukaliwa kando, mwanangu. Wakati wa korona babako mulimtia chumbani, mukanifungia ndia ya mlangoni. Akafa akiniita, nami namsikia."

Aliyefunga mlango ule ni Idarus mwenyewe. Hakumweleza chochote, alidhani mamake anajua kuwa ugonjwa ule huambukiza. Sote tulidhani.

Idarus alilia mpaka nikaogopa. Kisha akamwosha mamake mkono kwa sabuni, kidole kwa kidole, akimweleza polepole yale aliyopaswa kumweleza tangu uhai wa babake.

Vipande vilivyosalimika havijazi kiganja. Sijui kama vitatosha. Idarus naye hajui, na hilo linamla.

Lile bovu limo kwenye beseni, chumba cha nyuma. Mlango uko wazi, Bi Hayat kakaa kwenye mkeka kando yake, hagusi, anasoma tu.

Ndugu zangu, mgonjwa ikibidi kutengwa, atengwe. Lakini anayempenda aambiwe kwa nini, na apewe pa kukaa.