Kizee cha Nyoka Chini ya Godoro

Bosi aliileta ile picha kutoka Riyadh, akaitundika ukumbini kwetu Jeddah. Ya wino mtupu, ya Wataliani wa zamani. Mwanamke mnene ana upanga na mizani, kamkanyaga shingo kizee mkavu kama mimi, nywele zake nyoka, anatafuna moyo. Bosi, na ile sauti yake ya puani: "Huyu wa juu ni Haki yenyewe. Wa chini ni Husuda, anakula moyo wake mwenyewe."

Nikamwambia, "Basi mpe na chumvi."

Nilifanya kazi za ndani pale na msichana wa Kitui, hodari wa kuchora. Akachukua karatasi ya kuokea keki, ile inayoonyesha, akaibandika juu ya kioo cha picha, akafuatisha kwa peni. Alianza na kizee. "Shosho," ndivyo alivyoniita, bibi yake wa kazini, "huyu ndiye mgumu. Yule mnono nitammaliza kesho." Akaificha chini ya godoro.

Kesho yenyewe Ijumaa, na kila Ijumaa madam, mke wa bosi, hupekua magodoro yetu. Nikasikia, "Sihir! Anakula moyo! Moyo wa nani? Wangu?" Kuingia, namkuta kamshika msichana nywele, anambamiza kichwa kwenye kabati, pu, pu, mkono wa pili simu. "Naita polisi!" Na kesi ya uchawi kule si faini, shingo ndiyo inayotakiwa.

"Shosho, mwambie! Aki mwambie!"

Nikakimbia na magoti haya, nikaing'oa picha ukutani, nikarudi nayo. Madam akamwachia msichana, akanirushia pasi, ikanipata bega. Sikuiachia. Nikaiweka sakafuni, nikaiokota ile karatasi, nikailaza juu ya kioo. Nyoka kwa nyoka, moyo kwa moyo.

"Madam, mchawi ni mumeo basi. Haya, piga simu."

Akatazama. Damu ya msichana inadondoka kwenye kioo, to, to. "Halas, basi," akasema, kisauti cha kuku aliyenyeshewa, simu akaitia mfukoni.

Mara bosi akaingia, akapiga magoti. Nikadhani anamtazama mtoto wa watu, kumbe anakagua fremu. "Nani kaitoa ukutani?"

"Mimi. Toa gari, kichwa cha mtoto kimepasuka."

Akaifuta kwa kanzu yake, akaenda kuitundika. Akainyoosha kulia, akainyoosha kushoto. Ndipo akatafuta ufunguo wa gari.