Fundi Niliyemmwagia Unga

Mkisema nimezeeka, ni kweli. Mkisema macho yangu yameingia ukungu, hilo nalo ni kweli. Lakini mkisema niliota, hapo tutagombana, kwa sababu siku ile sikuwa peke yangu. Haya yalitokea nyumbani kwangu, huku juu ya Mlowo, msimu wa kahawa uliopita. Siyaandiki ili mniogope. Naona aibu, na aibu ikikaa sana kifuani inamla mtu.

Skola ni mkwe wangu, mke wa mwanangu Ezekia. Ezekia alikwenda Mkwajuni kwenye machimbo ya dhahabu, ikawa tunapata salamu tu. Nikamgawia Skola kipande cha shamba, nikamwambia kahawa ya hapa ni yako mwenyewe, usimwulize mtu. Huo ulikuwa mvuno wake wa kwanza. Alichuma tangu alfajiri, magunia yakajaa, akayapanga kando ya mashine ya kumenyea. Anayelima kahawa anajua: tunda lililochumwa leo linamenywa leo. Likilala kwenye gunia linapata joto, linachacha, na jasho la mwaka mzima linanuka kama pombe ya jana.

Sasa injini ndiyo iliyokataa. Ni injini ndogo ya petroli, ile ya kuvuta kamba, aliyoniachia marehemu mume wangu, Yohana. Ilikuwa inavuja oili upande wa puli, lile gurudumu la mkanda. Oili inarukia mkanda, mkanda unateleza, mashine inasimama. Skola akampigia simu fundi Ombeni wa Mlowo. Ombeni akasema inaweza kuwa sili, ule mpira wa duara unaozuia oili pale shafti, chuma kinachozunguka, inapotokea nje. Atapitia duka la spea, mchana atakuwa kwetu.

Mchana ukapita. Tukapiga simu, haipatikani. Nikaanza kumsema: mafundi wote ni waongo, kinywa asali, miguu mawe. Hayo niliyasema kwa sauti, majirani wakasikia.

Ukungu ukashuka mapema, ule wa kipupwe unaoingia mpaka jikoni. Jua lilikuwa halijazama bado, lakini mgomba wa karibu tu ulikuwa kama kivuli. Ndipo nikamwona Ombeni amesimama kando ya mashine. Sikumsikia akija.

"Shikamoo mama. Nimechelewa barabarani."

"Marahaba. Umechelewa, au umekumbuka leo kuwa una kazi? Kahawa ya mwenzio inaoza!"

Sikumpa hata kigoda. Nikarudi jikoni kwangu, nikamwacha na Skola.

Yaliyofuata alinieleza Skola baadaye, nami naamini kila neno. Ombeni alipangusa injini kwa kitambaa chenye petroli mpaka ikatakata. Akaishika shafti akaitikisa, maana ikicheza, ubovu ni wa beringi, na sili mpya haitasaidia kitu. Haikucheza. Kisha akachomoa kibomba ambacho injini inapumulia. "Hiki kikiziba," akasema, "injini inavimba ndani, inaisukuma oili nje, halafu watu wanailaumu sili bure. Hebu kipulize, dada."

Skola akamtania: "Si upulize wewe, fundi? Au pumzi umeiacha Mlowo?"

Ombeni akatabasamu tu, akamsogezea kibomba. Skola akapuliza, hewa ikapita vizuri. Hapo ndipo fundi akaomba unga wa mahindi, sahani moja. Skola hakuuliza wa nini, akaleta. Ombeni akaunyunyiza juu ya injini yote, ikawa nyeupe kama imelala kwenye baridi. Skola akavuta kamba, injini ikaunguruma kidogo, wakaizima.

Kuisikia injini, nikatoka kwenda kuangalia. Nikamkuta Ombeni amepiga magoti mbele ya injini ya mume wangu, imepakwa unga, kimya, giza linaingia. Mkono wake umeegemea bomba la moshi ambalo lilikuwa limetoka kuwaka moto, wala hautoi.

Nyie watoto wa siku hizi hamtaelewa nilichokiona. Nilipokuwa msichana, babu yangu Sikanyika alikuwa akipeleka unga na maji kwa waliotangulia, anapiga magoti hivyohivyo, anawaita kwa majina. Sisi tulipobatizwa tuliacha mambo hayo. Mimi ni mzee wa kanisa, nimewakemea wengi kwa ajili ya unga wa namna hiyo. Sasa leo mtu anauweka kwangu, kwenye kitu cha marehemu, jioni ya ukungu! Ningefikiri nini? Ningeweza kuuliza. Hilo ndilo ningeweza.

"Toka!" nikapiga kelele. "Mchawi mkubwa! Unamwita Yohana wangu ili umpeleke wapi?"

"Mama, unga ni wa kuonyesha," akasema polepole. "Tazama, juu pakavu, pembeni pakavu. Umelowa hapa tu, kuizunguka shafti. Ni sili. Nimekuja nayo. Niache nimalize, mama, nipumzike."

Neno hilo, nipumzike, nililisikia vizuri kabisa. Skola naye akasema, "Mama, ni kweli, hata mimi nimeona." Sikumsikiliza hata yeye. Nikaikwapua ile sahani, nikammwagia unga uliobaki, usoni.

Niamini au usiniamini: haukumganda. Ulianguka chini wote kama nimeumwaga hewani. Ombeni akaweka sili juu ya jiwe, akageuka, akapita juu ya ule unga, akaingia kwenye ukungu.

Mzee Jailosi, jirani yangu, akaja mbio na tochi na panga. "Nani anakuua, shemeji?"

"Ombeni! Mchawi! Ametelemkia huko!"

Jailosi akamulika chini, akainama. Kisha akauliza, "Alipitia hapa?"

"Hapo hapo."

"Mbona naona kandambili zako na za Skola tu?"

Unga ulikuwa umetandazika kama shuka. Hakukuwa na alama ya mguu mwingine.

Skola akalia, akaniomba tumwite fundi mwingine, sili si ipo? Nikakataa. Nikasema hakuna atakayeigusa injini ile mpaka mchungaji aje aiombee. Ndivyo nilivyoiua kahawa ya mkwe wangu kwa mdomo wangu. Asubuhi magunia yalikuwa ya moto ukiyashika, na harufu ilifika mpaka njiani.

Mchungaji hakuwa amefika bado alipokuja Aloyce, mdogo wake Ombeni, kwa pikipiki. Macho mekundu. Alikuja kuomba radhi kwamba kaka yake hakufika. Ombeni, akasema, aligongwa na lori jana mchana akivuka lami, akija kwetu. Alikufa palepale. Walimkuta na spana zake, ila sili aliyoichukua dukani hawakuiona.

Skola akanyoosha kidole kwenye jiwe. Aloyce akaitazama sili ile mpaka nikadhani ataanguka. Hakuigusa.

Nilikwenda mazikoni. Mama yake, mama Ombeni, ni mjane kama mimi, mwili wake mdogo kama wa mtoto. Aloyce alikuwa amemweleza habari ya sili. Akanishika mikono yote miwili, akauliza, "Alifika kwako?"

"Alifika."

"Mlimpokea vizuri?"

Watu walikuwa wengi, wazee wa kanisa walikuwa pembeni yangu. Nikasema, "Vizuri, mama. Alikunywa chai."

Akanishukuru. Tangu siku hiyo tukikutana Mlowo gulioni ananishukuru tena, ananifungia hata maharage katika kanga. Skola anatazama pembeni. Injini alikuja kuitengeneza fundi mwingine, na sili ya Ombeni imekaa, haivuji hata tone. Lakini ikiungurumishwa mimi naondoka nyumbani, nakwenda kukaa kwa Jailosi mpaka izimwe, maana kila mara nahisi kuna mtu amesimama nyuma yangu, anangoja ruhusa. Ninamwambia, maliza, mwanangu. Sijui kama ruhusa yangu bado ina maana kwake.

Sasa mama Ombeni ametuma salamu. Jumapili anataka kupanda kuja huku, aone mwanawe alipokalia, na kikombe alichonywea.

Wewe unayesoma, ukimkuta mtu anafanya jambo usilolielewa, uliza kwanza. Neno mchawi halirudi kinywani likishatoka. Na mgeni akiomba kumaliza kazi, mwache amalize, hujui ametoka wapi.

Nawe mama Ombeni, nimemwomba Skola akusomee haya kabla hujapanda. Mwanao alifika. Alinisalimia kwa heshima. Kikombe hakipo, kwa sababu hatukumpa chai. Nilimwita mchawi, nikamfukuza. Ukiamua usije, nitaelewa. Ukija, nitakuwa nimekaa nje.