Boloti Ishirini na Nne za Papa Wenceslas

Saa moja asubuhi, Papa Wenceslas Lisasi amelala chali chini ya lori. Inaonekana miguu yake tu juu ya mkeka. Viatu amevivua na kuvipanga kando, kama mtu aliyeingia nyumba ya wenyewe. Kutoka chini kunasikika spana ikikwaruza chuma, kisha kimya, kisha pumzi ndefu.

"Ya saba," anasema. Hamwambii mtu.

Kazi anayoifanya ni kinyume cha ile tunayoizoea kwa mafundi. Hakazi boloti, anazilegeza. Ziko ishirini na nne, nazo ndizo zinazoshika karoseri, yaani sanduku zima la mbao la lori, sakafu na kuta zake, juu ya shasi ya chuma. Akilegeza moja, anapenyeza kipande cha mpira wa tairi kuukuu kati ya mbao na chuma. Halafu anarudisha nati kidogo tu, mpaka kidole kisikie kwamba mbao bado ina nafasi ya kucheza.

Saa tatu lori hili linaondoka Kisangani kwenda Bafwasende na chumvi, vitambaa na samaki wakavu. Litarudi Alhamisi na mchele. Likirudi, mwenye karakana, Mgiriki ambaye mafundi wote humwita Patron, atakata shauri. Shasi mbili mpya zilishushwa bandarini juma lililopita. Ama zitavikwa mbao za hapa, kwa mikono ya Wenceslas, ama zitaagiziwa karoseri za chuma kutoka Poto, yaani Ulaya.

Zikivikwa chuma, meza ya seremala katika karakana hiyo itatolewa nje. Patron amekwisha sema hivyo, na hakusema kwa hasira.

"Kama angekasirika ningejua la kujibu," anasema Wenceslas.

Ana miaka arobaini na tano. Bega lake la kulia limeshuka kuliko la kushoto, na vumbi la mbao limemwachia kikohozi kisichosikia dawa. Aliingia karakana hii mwaka wa 1935. Miaka mitano iliyopita walikuwa maseremala tisa, wakatengeneza karoseri kumi na moja kwa mwaka mmoja. Mwaka jana zilikuwa nne. Mwaka huu wa 1956, sasa tumeingia Agosti, imetengenezwa moja, na maseremala wamebaki watatu.

Kabla ya hapo alikuwa mtoto wa Wagenia, wale wavuvi wa maporomoko. Baba yake alisimamisha nguzo katikati ya maji makali ili kutundika mitego mikubwa ya samaki. Nguzo zile hazipigwi msumari. Hufungwa kwa kekele, kamba ya msituni, na fundo huachiwa nafasi.

"Baba alisema maji yanatikisa kila kitu," anaeleza. "Ukifunga nguzo ikafa ganzi, maji yataivunja. Ukiiacha icheze, itacheza na maji mpaka uzee wako. Nilipoona njia ya Bafwasende, mashimo yake, madaraja yake ya magogo, nilijua ni maji yale yale."

Kwa hiyo karoseri zake hufungwa hivyo. Zinacheza. Na kwa kuwa zinacheza, zinalia. Kila kona, kila shimo, mbao husugua mbao, na lori hutoa sauti kama mlango wa zamani. Watu wa soko wamelipa jina: lori linaloimba. Wanalicheka tangu zamani, lakini walilicheka kwa upendo mpaka lilipokuja lori jingine la Patron, lenye karoseri ya chuma.

Saa mbili lori linasogezwa mahali pa kupakia, karibu na soko. La chuma limekwisha fika, limeegeshwa pembeni yake, na rangi yake bado inang'aa. Dereva wake ni Michel, mtu mrefu mwenye kofia safi na mdomo mwepesi. Wenceslas anaingia tena chini ya lori lake. Zimebaki boloti tisa.

"Papa Wence!" Michel anainama kumtafuta. "Leo unalegeza tena? Basi itaimba mpaka nyama yote ya pori ikimbie!"

"Ikimbie. Miye si muwindaji."

Watu wanacheka, na ubishi wa kila siku ya kupakia unaanza. Umekuwa kama sala ya asubuhi ya mahali hapa. Michel anagonga ubavu wa lori lake kwa kiganja.

"Sikia hii. Hii iko ya Poto, imetoka usine, kiwanda yao, moja kwa moja. Mutu anasikia tu moteur, injini yake. Alors ile yenu, kila kona ngwii, ngwii, kama nguruwe anaenda soko."

Anayemjibu ni Hadidja, mfanyabiashara wa mchele, mama wa Kiislamu aliyetoka Maniema. Amekaa juu ya magunia yake ya chumvi na hainuki.

"Bon, Michel, uliza muchele yangu. Ndani ya bati yako muchele inatoka jasho. Nilifungua mufuko, inanuka kama kiatu ya polisi."

"Ilikuwa mvua, mama."

"Mvua ilikuwa inje. Jasho ilikuwa ndani."

Karani mmoja anayepita na karatasi zake anasimama. "Mama, maendeleo iko chuma. Dunia yote inaenda kwa chuma."

"Maendeleo atanunua muchele ya kunuka? Mulete hapa nimupimie."

Kutoka chini ya lori sauti ya Wenceslas inatoka taratibu. Anasema hata yeye haelewi watu wanabishana nini wakisema gari la kwetu na gari la wageni. "Moteur ya hii iko ya Poto. Magurudumu iko ya Poto. Ya kwetu iko mugongo tu. Na mugongo ndiyo inabeba."

"Mugongo!" Michel anapiga makofi. "Donc tuseme. Muchele ya Mama Hadidja, ile ya mwezi jana, nani aliimwaga? Bati ama mugongo?"

Hadidja anatazama chini, anarekebisha kitambaa chake. Karani anakumbuka safari yake. Miguu iliyo juu ya mkeka inatulia.

Wenceslas anajivuta nje, anakaa, anajifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Si mbao," anasema. "Ni miye nilimwaga."

Habari yenyewe wote wanaijua, ila ni mara ya kwanza kusikia akiisema sokoni.

Mwezi jana Patron alitaka kuyapima malori mawili kwa safari moja, mzigo sawa, njia ile ile. Juma zima kabla ya safari, kila aliyepita alimwuliza Wenceslas kama lori lake litaimba mbele ya Patron. Mmoja alimletea mafuta ya mawese ndani ya chupa, akasema ni dawa ya koo la lori.

"Nilicheka naye," anasema. "Halafu nilienda nyumbani nikashindwa kula."

Jumapili mchana, baada ya misa, alichukua spana akaenda karakana peke yake. Alitoa vipande vyote vya mpira. Alikaza boloti zote ishirini na nne mpaka mwisho, akitumia bomba la chuma kuongeza nguvu ya mkono. Mkewe, Simone, alikwenda kumtafuta, akamkuta amesimama kando ya lori akilitikisa, na lori halitoi hata sauti.

"Nilimwambia siku ya Mungu si ya spana," anasema Simone. "Akaniambia, 'Sikiliza, inanyamaza kama ya wazungu.' Alifurahi kama mtu aliyepona. Sikutaka kumwondolea furaha hiyo."

Jumatatu lori liliondoka kimya. Watu walishangilia. Patron mwenyewe alitikisa kichwa akakubali.

Ng'ambo ya Bafwaboli, kituo cha njiani, wakati wa kurudi, gurudumu la mbele lilishuka katikati ya magogo mawili ya daraja. Shasi ilijipinda, kama inavyojipinda siku zote. Safari hii mbao haikuwa na nafasi ya kujipinda nayo. Boriti kubwa ya chini ilipasuka kutoka ncha hadi ncha, sakafu ikaanguka upande mmoja, na magunia kumi na tisa ya Hadidja yakaingia matopeni. Kwa huruma ya Mungu hakuna aliyeumia.

Michel alikuwa nyuma na lori la chuma. Yeye ndiye aliyeingia msituni akakata kekele, akaifunga boriti ile mizunguko thelathini. Lori likarudi Kisangani limefungwa kamba ya wavuvi, kilomita zaidi ya mia moja na thelathini.

Namwuliza Michel kuhusu siku hiyo, daftari langu la gazeti mkononi. Anavua kofia kwanza.

"Kama ingekuwa hii yangu imepasuka pale, tungelala wiki moja tukingoja mutu wa kuunganisha chuma atoke hapa mujini. Ile iko kweli. Lakini usiandike sana, Patron anasoma gazeti."

Patron alipoona boriti iliyopasuka alisema mbao za huku zimeoza. Wenceslas angeweza kunyamaza. Mbao haina mdomo wa kujitetea, na Patron asingejua. Siku mbili alinyamaza. Siku ya tatu aliingia ofisini, akasimama mbele ya meza, akasema mbao ilikuwa nzima, mkono wake ndio ulioiua, kwa sababu aliona haya ya kuchekwa.

"Aliacha karatasi zake," anakumbuka. "Akauliza kama nimelewa. Nikasema sijanywa. Akauliza nataka nini. Nikasema safari moja tena, imefungwa vile ninavyojua mimi. Akasema, 'Moja.' Akarudi kwenye karatasi zake."

Boriti mpya aliitoa kwenye ubao aliokuwa akiutunza kwa miaka mitatu, aliokusudia kujengea kitanda. Simone bado analala kwenye cha zamani, na anakitaja.

Sasa boloti ya ishirini na nne imelegezwa. Wenceslas anasimama kwa kushika gurudumu, mgongo ukikataa kunyooka upesi. Anavaa viatu. Kisha, badala ya kwenda karakana, anaanza kupanda juu ya magunia.

"Papa Wence, unaenda wapi?" anauliza Hadidja.

"Bafwasende."

"Weye? Miaka ishirini unatengeneza motoka, hata siku moja hukupanda!"

"Ndiyo. Sogea kidogo, mama."

Amemwomba Patron siku tatu bila mshahara. Anataka kukaa juu ya boriti yenyewe, asikie inavyosema kwenye kila daraja. "Ikipasuka tena, inipasukie miye," anasema, "si muchele ya watu."

Hadidja anasogea. Anapiga gunia kwa kiganja kumwonyesha mahali. "Bon. Lakini ikimwagika tena, weye ndiye utaokota. Punje moja moja."

Namwuliza Wenceslas anatumaini nini.

Akipewa zile shasi mbili, anasema, ataomba mbao zinunuliwe mapema, zilale ghalani misimu miwili ya kiangazi bila kuguswa. Atawafundisha maseremala wawili waliobaki kuacha nafasi, na atawaeleza sababu yake, maana yeye alijua kuacha nafasi lakini hakuwahi kumwambia mtu kwa nini. Labda wangemshika mkono Jumapili ile. Baada ya hapo angependa kupumzika, arudi majini kusaidia ndugu zake kufunga nguzo.

Na asipopewa?

"Nitarudi majini mapema." Anakohoa. "Nimechoka, mama wa gazeti. Sikatai. Lakini nataka nichoke na kazi, nisichoke na aibu."

Simone anafika na kwanga, mkate wa muhogo, na samaki ndani ya majani. Anampa mumewe chakula, kisha kwa kidole gumba anachora msalaba kwenye ubao wa ubavu wa lori.

"Na miye?" anauliza Wenceslas kutoka juu.

"Mbao kwanza," anajibu Simone. "Weye umebarikiwa juzi kwa misa, na hukuacha ukaidi."

Dereva anawasha. Kando ya Wenceslas kuna mkeka, chakula, na mviringo wa kekele mbichi. Mkononi bado ameshika spana. Lori linaondoka, na kwenye shimo la kwanza tu, pale pale sokoni, linaanza: ngwii, ngwii. Watu wanacheka kwa sauti. Michel anapiga honi ya lori la chuma.

"Inaimba, Papa Wence! Inaimba!"

Wenceslas amelaza kiganja juu ya ubao, anasikiliza. Halafu anaonekana kushtuka, anaitazama ile spana kama mtu aliyekuta kitu kisicho chake mfukoni, anainama juu ya ubavu wa lori na kumrushia mkewe.

"Uifiche!" anapaza sauti. "Nikiwa nayo nitakaza!"

Simone anaiokota vumbini, anaifunga kwenye ncha ya kitenge chake mafundo mawili, na anabaki amesimama mpaka mlio ule unapotea upande wa njia ya Bafwasende.