Siku Niliyoshika Sikio Mahakamani

Watu wakisikia habari za talaka ya wazazi wangu hupenda kuniambia kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Jamani, mimi sikuwa nyasi. Nilikuwa mtoto mwenye kiherehere, na kesi ya mama niliiharibu mwenyewe.

Baba alikuwa askari jeshi. Tuliishi naye kambini, mkoa mwingine, miaka ile ya foleni za bidhaa, wenzetu uraiani wakifulia majani ya mpapai na sisi tukipata sabuni kwenye duka la kambi. Kisha akapata mwanamke mwingine. Mama hakupiga kelele. Alifunga mizigo, akanichukua, tukarudi Same mjini, akapanga chumba kimoja. Baraza la usuluhishi liliwaita mara tatu. Mara mbili baba hakuja, kikosi hakikumpa ruhusa. Mara ya tatu alikuja, akakaa kama mtu anayengoja zamu kwa kinyozi. Shauri likapelekwa mahakamani.

Talaka yenyewe haikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa mimi. Baba alinitaka, ingawa hakuwa na nia ya kukaa na mimi. Ningepelekwa kwa mama yake, kijijini Myamba huko mlimani, kwa sababu kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba na hakuna wa kuuliza mara mbili. Lakini sheria ilisema mtoto asiyefika miaka saba akae na mama yake, na mama alishika hapo hapo. Alisema nina miaka sita. Baba mdogo, aliyekuja kuusemea ukoo, akaapa kwamba wanajeshi walipoondoka kwenda vitani nilikuwa tayari natambaa. Mama akaapa kwamba siku hiyo nilikuwa tumboni. Kadi ya kliniki ilikuwa imepotea katika uhamisho mmojawapo, tukisafirishwa juu ya lori na magodoro. Baba alipoulizwa alisema hakumbuki vizuri. Jibu hilo nilikuja kulichukia sana, lakini si siku ile.

Ndipo mmoja wa washauri wa mahakama, mzee mwenye koti zito pamoja na joto lote lile la Same, aliposema kwani shida iko wapi, apimwe kama wanavyopima shuleni. Kila mtu alikijua kipimo hicho: mtoto anapitisha mkono juu ya utosi, vidole vikifika sikio la upande wa pili, basi ametimiza saba, aandikwe darasa la kwanza. Hakimu alisita. Alisema hicho si kipimo cha kisheria. Mwisho akaniita mbele.

Sasa, Januari ya mwaka ule nilikuwa nimekataliwa shuleni na kurudishwa nyumbani kwa sababu vidole vyangu viliishia kwenye nywele. Nililia njia nzima. Tangu hapo nilifanya mazoezi kila siku, nikagundua kwamba ukiinamisha kichwa kidogo na kuvuta bega, sikio linakuja lenyewe. Na pale mahakamani hakuna aliyeniambia tumefuata nini. Mama alikuwa amenivalisha gauni langu la pekee na kuniambia niamkie wakubwa, basi. Niliona mtu mwenye miwani, meza na daftari kubwa, nikajua naandikishwa shule. Nikamwamkia, nikapitisha mkono, nikainamisha kichwa, nikalibana sikio kwa vidole viwili.

"Nimeshika, mwalimu," nilisema.

Watu walicheka, hata hakimu. Mama alisema nimeinamisha kichwa. Alirudia mara mbili, kwa sauti ya kawaida, lakini kicheko kilikuwa bado hakijaisha.

Nikakabidhiwa kwa baba. Alinipandisha mlimani mwenyewe akiwa na sare, akakaa siku mbili, akarudi kikosini. Bibi hakuwa mtu mbaya, alinilisha vizuri na Januari akanipeleka shule. Nilikuwa mdogo kuliko wote darasani na sikujiuliza kwa nini.

Wazee wa ukoo walikuwa wamemtumia mama salamu kwamba asije kunisumbua mpaka nimezoea. Ukapita mwaka, ukapita na wa pili. Kisha nguo za mitumba zikaruhusiwa, na mfanyabiashara hakuna anayemfukuza gulioni. Siku moja ya gulio nilimkuta mama pale Myamba, ametandika turubai, nguo zimerundikana mbele yake. Nilimwamkia kama ninavyomwamkia mtu yeyote. Akaitikia, akachomoa chini ya rundo gauni la bluu lililokunjwa peke yake, akanivalisha juu ya sare yangu ya shule.

Lilikwama mabegani. Alilivuta, na mimi nikavuta. Akanigeuza, akajaribu kwa nyuma, halafu akaacha mikono yake pale pale mgongoni kwangu.

"Nisamehe," alisema. "Nimemnunulia yule niliyemwacha."

Alinivua taratibu, akalikunja. Alikuja mama mmoja na binti yake mdogo, akaliulizia, na mama yangu akamuuzia kwa sababu alikuwa pale kuuza. Yule mtoto alilivaa hapo hapo, likamkaa sawasawa, akaondoka nalo ameshikwa mkono. Nikaanza kulia katikati ya gulio, mbele ya watu wote, na sikujali nani ataenda kumwambia bibi.