Kisima cha Mzee Anwar

Tandika nzima ilijua kwamba Kondo wa Bi Chausiku anasomea digrii ya pili, na Tandika nzima ilijua pia kwamba anasomea vyoo. Watu hawakumsitiri. Akipita na boksi lake la barafu na vichupa, mafundi wa gereji walimwuliza kama leo ameshaonja. Alicheka nao, maana utani wao haukuwa mbali na ukweli. Chuo Kikuu kiliyapa masomo yake jina refu, uhandisi wa mazingira na sera za umma, lakini kazi yenyewe ilikuwa kuchota maji ya visima vya uswahilini, kuyapima maabara, kisha kuiandikia serikali la kufanya.

Ilikuwa mwaka 1997. Mabomba yalikuwa yamekauka zamani, kila mwenye ua alichimba kisima, na kila mwenye kisima aliuza ndoo. Biashara ilikuwa ruksa, basi kila mtu akawa mfanyabiashara. Bi Chausiku peke yake hakuuza. Kisima chake kilichimbwa baada ya arobaini ya mumewe, kiwe sadaka ya kumfuata marehemu huko aliko, na aliyejaza ndoo yake alidaiwa kitu kimoja tu, aseme, "Mungu amrehemu mzee Anwar." Asubuhi nzima dua hiyo ilisikika uani, na Bi Chausiku aliisikiliza kutoka jikoni huku akikuna nazi. Ndiyo iliyomweka hai yule mama, tusidanganyane.

Kondo alikipima kisima hicho kama alivyopima vingine. Majibu ya maabara yalipotoka, aliyasoma mara mbili, akakaa chini. Maji ya baba yake yalikuwa na vijidudu vya kinyesi kupita karibu visima vyote vya mtaa. Sababu aliijua. Mvua kubwa zikinyesha, watu wa upande wa juu hutapisha vyoo. Hutoboa shimo la choo ubavuni, mafuriko yakapita na uchafu wote, na kukipambazuka choo ni kitupu, hakuna haja ya kuita gari la kunyonya. Uchafu huo huteremka bondeni, na bondeni ndiko kwa Bi Chausiku.

Katika tasnifu yake visima vilipewa namba, majina ya wenyewe hayakutajwa. Ndiyo adabu ya utafiti, na Kondo alijificha nyuma ya adabu hiyo kama mtu aliyejikinga mvua barazani kwa jirani. Msimamizi wake, Profesa Benedikto, alizoea kuwaambia wanafunzi, "Mhandisi hagongi hodi nyumba kwa nyumba. Andika kanuni moja nzuri, itagonga milango yote." Kanuni ilikuwa imeshaandikwa. Kamati iliyoundwa kwa kazi hiyo ingeijadili mwezi Januari, na kabla ya masika mabwana afya wangepita mitaani kuvifunga visima vibovu. Kondo aliing'ang'ania Januari hiyo. Acha serikali imwambie mama, alijisemea. Akikasirika, aikasirikie serikali.

Nyumbani akatafuta njia ya mwoga. Alimwambia mama yake kwamba tumbo lake halipatani na maji mabichi, na mama, bila kuuliza maswali, akawa anamchemshia sufuria yake peke yake kila jioni. Naima hakumwacha hivihivi. Alikuwa mdogo wake wa pekee, fundi cherehani, amekwishaposwa na harusi inasubiri mfungo upite.

"Braza, na tumbo lako nalo limepata digrii?" alimwuliza. "Sie matumbo yetu ya darasa la saba hayachagui."

"Na nyie mchemshe basi."

"Mkaa wa kuchemshia mtungi mzima utoke wapi? Labda tuchome hayo makaratasi yako."

Mama akacheka. Naima akachota kata nzima mtungini, akanywa mbele ya kaka yake kwa kusudi, akajifuta mdomo. Kondo akatabasamu. Jamani, akatabasamu, mtu mzima na akili zake.

Ijumaa moja alijikaza. Alirudi kutoka msikitini, akaketi jamvini karibu na mama yake, akasema, "Mama, hicho kisima..." Hapohapo akaingia mwanamke na ndoo, mgeni wa mtaa wa mbali, ana mtoto mgongoni. Alipojaza aliitua ndoo, akanyanyua mikono, akamwombea mzee Anwar dua ndefu kama anamwombea baba yake mzazi. Bi Chausiku akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Ulikuwa unasemaje, mwanangu?"

Kondo aliitazama ndoo ya yule mgeni. "Nilikuwa nasema kamba yake imechakaa."

"Basi ninunulie nyingine. Watu wasije wakakosa maji."

Akainunua, tena nzuri ya nailoni, akaifunga mwenyewe.

Mvua hazikungoja Januari. Vuli ya mwaka ule ilimwagika kama masika, na watu wa juu wakafanya kama walivyozoea, wakatapisha. Kipindupindu kikaingia. Kondo alikuwa chuoni Mlimani akimalizia tasnifu, akapata habari kwa simu ya jirani iliyopigwa ofisini kwa profesa. Alipofika kwenye kambi ya wagonjwa, Naima alikuwa amebaki macho tu, ngozi imemkauka, dripu inatiririka kwa kasi na haimsaidii. Alimtambua kaka yake. Akasema kitu kimoja, kwa sauti ya kukwaruza, "Maji." Kondo alimnywesha maji ya dawa kwa kijiko mpaka meno yalipofunga.

Naima alizikwa na watu wa afya waliovaa glovu na mabuti, amefungwa nailoni. Bi Chausiku hakuruhusiwa kumwosha mwanawe. Alisimama mbali na kaburi, ameshika sanda aliyokwenda nayo, ambayo hakuna aliyeihitaji.

Baada ya siku chache bwana afya alikuja nyumbani na chupa yake. Aliuliza wanakunywa maji ya wapi, akaanza kushusha ndoo kisimani.

"Usijisumbue," Kondo alimwambia. "Hayafai. Nimeshayapima."

Mama yake alikuwa kizingitini. "Umeyapima lini?"

"Mwezi wa sita, mama."

Bi Chausiku alihesabu kimyakimya, midomo ikicheza. Akaketi taratibu pale kizingitini.

"Kwa hiyo mie nilikuwa nakuchemshia wewe peke yako," alisema.

"Ndiyo."

"Na mwenzio anakunywa, unamwangalia."

Kondo alipiga magoti mchangani. "Mama, niliogopa kukuvunja moyo. Ni sadaka ya baba. Nilijua Januari watakuja kukifunga wao..."

"Baba yako kafa, Kondo. Sadaka ningempa nyingine, ningempa hata mkeka msikitini. Naima ningempata wapi mwingine?" Hakupaza sauti. "Ulidhani mie nampenda maiti kuliko mwanangu aliye hai? Miaka yote hii, ndivyo ulivyonijua?"

Kondo alitaka apigwe, hakupigwa. Alilia kwa sauti kama mtoto, bwana afya akageuka akatazama ukuta.

Mlango wa uani ukafunguliwa, akaingia mama wa jirani na ndoo yake kichwani, akitoa pole kwa mara nyingine, akaelekea kisimani kama kawaida. Bi Chausiku akainuka, akamwendea, akaweka mkono wake juu ya kamba.

"Usichote, mwanangu," alisema. "Maji haya yana maradhi. Nenda ukawaambie na wenzio."

"Haya, Bi Chausiku. Ahsante kwa kuniambia."

Yule mwanamke aliitwaa ndoo yake tupu, akaenda zake.